Siku Kabula Alipotulia

Enzi zetu sisi tulifundishwa kutulia kabla hatujafundishwa kusoma. Ukitaka kumjua mwenzetu, hata awe mzee wa mvi kwenye foleni ya hospitali, mwambie ghafla "mikono kifuani", uone mabega yake yatakavyonyooka. Nilikulia Pasiansi, kando ya ziwa, baba na mama wametoka Bukoba, na shuleni tulikwenda pekupeku tukiruka kutoka jiwe hadi jiwe, mfukoni michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, migumu ya kutafuna njia nzima. Dawati moja lilibeba watoto watatu. Madirisha hayakuwa na vioo, kwa hiyo harufu ya dagaa walioanikwa ufukweni ilisoma na sisi.

Mwalimu wetu wa darasa la tatu alikuwa Mwalimu Kaijage. Nje ya darasa alikuwa mpole, hata salamu zetu aliziitikia moja moja. Ndani alitaka kitu kimoja. Alisimama mlangoni, akasema "kidole mdomoni", na watoto hamsini na kitu tukawa kimya kiasi cha kusikia mawimbi kule chini. "Mtoto mwenye akili ni kama maji ya mtungini," alikuwa akisema, "hutulia." Nisiwadanganye, mimi nilipenda. Nilikuwa bingwa wa kutulia, na sifa zile zilinivimbisha kichwa.

Jirani yangu wa dawati alikuwa Kabula, na Kabula hakuumbiwa kukaa. Kwenye mchezo wa rede hapakuwa na wa kumlenga, mpira ulimkosa ukaenda kuangukia vichakani. Darasani miguu yake haikufika chini, basi aliibembeza, na kwa kuwa dawati letu lilikuwa na mguu mmoja uliolegea, likagonga sakafu: ko, ko, ko. Alichapwa kwa sababu ya ule mguu hadi nikamwonea huruma, halafu nikamkasirikia, maana fimbo nyingine zilinipitia na mimi. Mama yangu ndiye aliyempenda alivyo. Akimwona anavuruga uwanja wetu alicheka: "Mtoto msumbufu ni mzima. Muogope anayetulia." Mimi nilidhani anatania.

Ulikuwa msimu wa wale wadudu wa ziwani, mnaowakumbuka, wanaoinuka juu ya maji kama moshi wa nyumba inayoungua. Asubuhi moja Kabula hakucheza. Alikuja akakaa, na dawati letu halikugonga hata mara moja. Kipindi cha pili moshi ule ukafika kwetu. Uliingia kwa madirisha yote, darasa likawa giza, tukasikia mlio mwembamba unaotoka kila upande.

"Asitikisike mtu," Mwalimu akasema. "Wataondoka wenyewe."

Tukafumba macho na midomo. Waliingia kwenye nywele, kwenye masikio, shingoni ndani ya shati. Mmoja wetu akapiga chafya, mwingine akajikuna, na baada ya muda darasa zima lilikuwa linajipangusa. Nilipofumbua macho nikamwona Kabula. Alikuwa amekaa wima, mikono kifuani, macho wazi. Wadudu walikuwa wametua kwenye kope zake, wengine wanatembea juu ya mboni, na hakupepesa.

"Mnamwona Kabula?" Mwalimu akasema, na furaha yake ilikuwa ya kweli kabisa. "Leo amekuwa mtu. Mpigieni makofi matatu."

Tukapiga. Pa, pa, pa. Mkono wake ulikuwa umegusana na wangu, na ulikuwa unachoma kama bati la saa nane mchana. Nilijua. Nilikuwa na miaka tisa, lakini joto la homa mama alishanifundisha. Kulikuwa na maneno matatu tu ya kusema: Mwalimu, Kabula anaumwa. Nilirudisha kidole mdomoni, nikatulia vizuri kuliko siku zote, mpaka kengele.

Kengele ilipolia wote walitoka, yeye hakuinuka. Mwalimu Kaijage alimbeba mwenyewe mpaka zahanati, anakimbia juu ya yale mawe na viatu vyake vya ngozi. Malaria ilikuwa imeshapanda kichwani. Tulimzika Ijumaa.

Jumatatu tukarudi. Nafasi yake katikati yetu tuliiacha wazi. Mwalimu akaingia, kidole mdomoni, darasa likanyamaza. Ndipo tukasikia: ko, ko, ko.

"Nani huyo?"

Alikuja na fimbo, akainama kutazama chini ya dawati letu. Nyayo zangu zilikuwa sakafuni. Za mwenzangu wa upande wa pili pia. Likaendelea kugonga. Mwalimu akalishika kwa viganja vyote viwili, likatulia. Akaliachia, likaanza upya, taratibu, kama lilivyogonga siku zote. Wengine mtasema nilikuwa natetemeka mimi. Inawezekana. Nimejiuliza miaka yote hii na sijui.

Mwalimu aliiweka fimbo dirishani. "Tokeni nje," akasema kwa sauti tusiyoijua. "Nendeni mkacheze." Kilikuwa kipindi cha hesabu. Tulitoka, tukasimama uani tukitazamana, hakuna aliyejua acheze nini.

Fimbo ile hakuichukua tena. Tangu hapo katikati ya kila somo alitutoa tukimbie mpaka jiwe kubwa na kurudi, walimu wenzake wakamcheka. Na kila asubuhi alipita dawati kwa dawati akitugusa shingo kwa mgongo wa kiganja.

Watoto wa siku hizi wanatushinda kutulia, tuseme ukweli. Sisi tulihitaji fimbo, wao wanahitaji simu tu; kidole chao hakiko mdomoni, kiko kwenye kioo. Ila darasani bado wanasumbua, na nashukuru. Juzi mwalimu wa mjukuu wangu, kijana wa huko Kiseke, alinipigia. "Shikamoo bibi. Mjukuu wako hatulii, anabembeza miguu kutwa nzima."

"Marahaba, mwanangu," nikamwambia. "Mwache abembeze. Siku akitulia ndiyo unipigie, na usingoje kengele."

Alicheka, akadhani ni utani wa kibibi.

Jioni mjukuu akikaa na simu, nyumba hunyamaza. Naacha chungu jikoni, naenda kumwekea mgongo wa kiganja shingoni. Hanitazami hata kidogo.

"Bibi, mimi mzima bwana."

"Haya," namwambia. "Bembeza miguu basi, nikusikie."