Maji ya Sabuni Nyumbani kwa Waiyego

Waiyego hakuwa mtu wa kukaa. Hata kanisani alikalia ukingo wa benchi kama mtu aliyeacha maziwa jikoni. Tangu mumewe Ng'ang'a afariki na kumwachia ploti ya vyumba vya kupangisha mtaani Langas, alizunguka uani kutwa nzima, akikaza bomba hapa, akifagia pale, akifukuza kuku wa jirani. Wapangaji walimwita Shosho, yaani bibi, na wakimsikia akikohoa uani asubuhi walijua kumekucha.

Kiangazi hicho maji ya mfereji yalikuja siku yalipotaka. Ploti nzima ikategemea kisima cha uani, na kisima nacho kikaanza kutoa maji ya rangi ya chai. Kilichomkera Waiyego ni kwamba watu walikuwa wakililia maji, na huku mabeseni ya maji ya kufulia yanamwagwa njiani, yakituama na kunuka mbele ya lango lake. Siku moja akashindwa kuvumilia. Akamwita Walubengo, mpangaji wake ambaye alikuwa fundi wa mabomba.

"Haya maji ya bafu na ya kufua, nipelekee kwa shamba."

"Yote, Mama?"

"Yote, isipokuwa ya choo. Mimi si mwendawazimu."

Walubengo alichimba shimo nyuma ya mabafu, akalijaza kokoto na mchanga, kisha akatoa paipu hadi kwenye kipande cha ardhi kando ya ua, ambako Waiyego alipanda mboga. Haikuchukua muda, sukuma wiki zikawa na majani mapana kama sinia, managu, yaani mnavu, yakafunga njia, dhania ikanukia hadi barabarani. Kila mpangaji alijikatia bila kuuliza. Mtoto wa Sylvia wa chumba cha mwisho, Marvin, aliyekuwa bado anajifunza kuongea vizuri, hakungoja hata kupikiwa. Alichuma dhania akaitafuna papo hapo. Waiyego alicheka hadi akajifuta machozi, akawa anamwita mbuzi wangu.

Halafu Marvin akaugua. Alianza kuhara asubuhi, na kufikia saa sita alikuwa amelegea, macho yameingia ndani, halii tena. Waiyego ndiye aliyembeba mgongoni hadi barabarani, Sylvia akikimbia nyuma na shuka mkononi. Hospitalini daktari aliuliza mtoto alikuwa amekula nini. Sylvia alimtazama Waiyego, kisha akatazama sakafu.

"Ugali na maziwa," akasema. "Na dhania ya kwa Shosho."

Waiyego aliporudi nyumbani hakuweza hata kunywa chai. Alisimama kando ya matuta akiyatazama yale majani yaliyokuwa yakimpa fahari, akaona kama yanamtazama. Wapangaji walipita mbali. Jioni hakuna aliyekuja kukata mboga.

Kesho yake akafika afisa wa afya aliyearifiwa na hospitali, mwanamke mwenye sauti ya upole aliyejulikana kama Madam Linet. Alizunguka ua wote, akainama kwenye shimo, akapima kwa macho kutoka shimoni hadi kisimani.

"Mama, hili shimo liko upande wa juu wa kisima. Maji yanateremka."

"Kuna mchanga. Mchanga unachuja."

"Unachuja takataka, si kila kitu." Linet akageukia wapangaji waliokusanyika. "Ni nani hapa ana mtoto mchanga?"

Cate, aliyejifungua majuzi, akainua mkono.

"Nepi unafulia wapi?"

"Kwa beseni. Halafu namwaga bafuni," Cate akajibu, na sauti ikamwishia njiani.

Waiyego alikuwa amekataza ya choo. Nepi hazikumjia akilini hata mara moja.

Linet alichukua maji ya kisima kwenye chupa ya kupimwa. Akaagiza paipu ifungwe, maji ya kunywa yachemshwe, na mtu yeyote asile mboga zile mpaka arudi kuchukua majani ya kupimwa pia, maana alikuwa ameishiwa na vifaa vya kuyabebea. Akaaga akaenda.

Laiti Linet angalijua ni mtu wa aina gani anayemwachia kazi ya kungoja. Waiyego alijaribu. Alifagia ua, akaufagia tena. Alipita chumba kwa chumba akiuliza kama wamechemsha maji, mpaka Walubengo akamwambia kwa heshima kwamba sasa sufuria zinachemka bure. Alienda hospitalini, akaambiwa Marvin amewekewa dripu na amelala. Akarudi kwa miguu. Alipofungua lango na kuikuta ile dhania imesimama kijani, haina habari, kitu kikamkatika moyoni. Akachukua jembe. Aling'oa dhania, akang'oa managu, akakata sukuma wiki moja moja. Akarundika kila kitu, akamwagia mafuta ya taa, akawasha. Moshi wake ulikuwa mzito na wa kuwasha macho, na alisimama ndani yake mpaka ukaisha.

Linet aliporudi na mifuko yake alikuta majivu.

"Uling'oa zote?"

"Zote."

Yule afisa akashusha pumzi. "Maji ya kisima yana vijidudu vya kinyesi, Mama. Lakini vimetoka wapi, siwezi kusema. Inaweza kuwa shimo lako. Inaweza kuwa choo cha jirani. Na kama ilikuwa dhania…" Akatazama majivu. "Hilo sasa hatutajua."

Maneno hayo yalimkalia Waiyego vibaya kuliko kama angalilaumiwa waziwazi.

Marvin alipona. Alirudi amekonda shingo, lakini alirudi akikimbia. Waiyego hakuwahi hata kumaliza kumshukuru Mungu, akamwona Sylvia anafunga virago.

"Naenda kwa dada yangu kule Kesses," Sylvia alisema, mikono ikiendelea kukunja nguo. "Sikulaumu, Shosho. Ulimbeba. Lakini kila akishika jani, moyo wangu unaruka."

"Hata wangu," Waiyego akasema. Akamsaidia kufunga godoro kwa kamba, kwa sababu hakujua la kufanya na mikono yake.

Baadaye serikali ya kaunti ikawaita wananchi ukumbini kutoa maoni kuhusu kanuni za kutumia tena maji ya nyumbani. Mzee mmoja alitaka yapigwe marufuku kabisa. Kijana mmoja alisema serikali isiingilie maji ya watu. Waiyego alikuwa amesimama karibu na mlango tangu mkutano uanze. Hakungoja kipaza sauti.

"Mkikataza, tutamwaga njiani alfajiri mkiwa mmelala. Mkituachia, tutafanya kama nilivyofanya mimi." Akawasimulia juu ya shimo, nepi, dhania na Marvin, bila kujipunguzia lolote. "Mimi nilikuwa na bidii. Sikuwa na mtu wa kuniambia shimo likae wapi. Andikeni hivyo. Na andikeni nani atakuja kuangalia, na aje kabla mtoto hajaugua."

Mazungumzo yakaendelea, kama ilivyo kawaida ya mikutano. Kanuni zikarudishwa kufanyiwa marekebisho, na hadi leo bado zinajadiliwa. Lakini Linet hakungoja. Alikuja na Walubengo wakachimba shimo jipya upande wa chini, mbali na kisima. Paipu ikafukiwa ardhini, na sasa inanywesha migomba na matete ya kulisha ng'ombe tu. Maji ya nepi yanaenda chooni. Kisima kilitiwa dawa na kufunikwa, na maji ya kunywa yanachemshwa.

Linet alikagua, akasema ni kazi nzuri, akaenda zake akiwa ameridhika. Waiyego akabaki anazunguka migomba, akipiga goti kunusa udongo, akiinuka, akirudi tena. Mwishowe akatoa simu.

"Madam, njoo uangalie tena."

"Mama, si nilikuja juzi tu?"

"Najua," Waiyego akasema, tayari anatembea kuelekea kisimani. "Njoo."