Fundi Aliyesomea Sheria

Fundi huyu wa nguo hakuacha kuongea na pini midomoni, hata alipojifua kwa mtihani wa kuingia kitivo cha sheria, uliokwisha kumwangusha mara mbili. Kamembe nzima hakuna fundi aliyechelewesha nguo kwa hoja tamu kama zake. Kwa vidole vyeupe vya chaki alifungua kitabu cha sheria na kumsomea mteja kifungu. Asubuhi ya safari ya mtihani, jirani yake Zulaikha alimkuta kituo cha basi, akiwa na kitenge chake alichotoka kukichukua kwenye karakana ya fundi, hakijaguswa mkasi.

“Papa, swali la mazoezi. Muntu ameleta kitenge, fundi amekikalia miezi tatu. Nani iko na makosa?”

Naye alimtetea fundi wa swalini mpaka dereva akapiga honi. Kisha akakitazama kitenge, sauti ikashuka.

“Fundi iko na makosa, Maman,” akasema akipanda basi. “Lakini atakata rufaa.”