Sentimita Kumi na Moja

Mimi ni mchuuzi wa samaki. Mzigo wangu hutoka visiwa vya Muleba, na maisha yangu mengi yamepita nikibishana na watu wenye mizani. Wavuvi wa kule wengi ni wa kuja, kila mmoja na kwao, lakini wote wana kidole kimoja kizito ambacho hupenda kupumzika juu ya sangara wakati wa kupima. Kwa hiyo kila kilo naihesabu mara mbili: mara ya kwanza namwangalia samaki, mara ya pili namwangalia muuzaji. Akitaja kumi, mdomo wangu unasema saba kabla sijafikiri. Sijawahi kuona aibu kwa hilo. Limesomesha watoto.

Watafiti wa afya walipofika Nyanga, nyumbani kwa mama, nilikuwa nimekaa naye barazani namenya ndizi. Walikuwa wawili, dada muuguzi na mwanamume wa makamo mwenye miwani. Yule mwanamume ni wa huku huku. Alimwamkia mama kwa Kihaya safi, akapiga goti kidogo kama inavyotakiwa, kisha akahamia Kiswahili chenye Kiingereza kingi katikati. Mama akaninong'oneza, "Nshomile," yaani msomi huyo, na akamsogezea kisahani cha kahawa ya kutafuna.

Akatueleza kazi yao. Wanachunguza unene na magonjwa yanayoandamana nao, kisukari, presha na moyo. Wanataka kujua mwili wa mtu wa hapa unafanya nini chakula kikizidi, na nani aanze kuangaliwa kabla hajaugua. Mama alisikiliza kwa adabu zote, kisha akauliza kama siku hizi kunenepa ni kosa.

"Si kosa, bibi. Ni dalili tu ya kuangalia."

"Mimi nimezika dada zangu wawili," mama akamwambia. "Na shemeji yangu. Wote walianza kwa kukonda. Sijazika mtu aliyeanza kwa kunenepa."

Yule bwana akachukua punje ya kahawa, akaitafuna polepole. Kila mtu wa umri wangu hapa Kagera anaijua miaka ile ya Ukimwi. Nguo zikimlegea mtu, majirani walianza kumhesabia siku. Mama alitoka katika miaka ile akiwa mzima na mnene, na unene wake aliuvaa kama cheti.

Siku hiyo walikuwa wanachuja watu kwa kiuno. Mwanamke akizidi sentimita themanini na nane, kesho yake asubuhi aende zahanati bila kula kitu. Atatolewa damu, atakunywa maji ya sukari, atakaa saa mbili, atatolewa damu tena. Asiyefika hapo anashukuriwa na kupewa sabuni ya mche. Mama akasema basi apewe sabuni, maana hawezi kutolewa damu, kulishwa sukari, halafu kutolewa damu kuona kama sukari imefika.

Na kamba yao ya kupimia hakuitaka. Dada muuguzi alikuwa ameshateremka nyumba ya chini, na mama hakuwa tayari kushikwa kiuno na mwanamume. Zaidi ya hapo, kwetu kamba hupita kwenye mwili wa mtu siku anapochimbiwa kaburi. "Leo kiuno, kesho urefu," akasema.

Nikaingia kati, kama kawaida yangu. Nikamwambia yule bwana anipe mimi utepe, nimpime mama chumbani, nimletee namba. Alisita. Kanuni yao ni kupima mara mbili, akasema. Nikamwambia amempata mtu anayepima mara mbili hata chumvi.

Chumbani mama alifungua kanga, akainua mikono, akatazama dari. Nikazungusha utepe. Tisini na saba. Nikazungusha tena. Tisini na saba.

Nimejiuliza sana kwa nini nilifanya nilichofanya. Watu nimewaambia kwamba niliogopa mama ataumizwa na sindano, na ni kweli niliogopa. Ila kesho yake asubuhi mzigo wangu ulikuwa unashushwa mwaloni, mitumbwi inapofikia, na samaki hamsubiri mtu aliye kwenye foleni ya zahanati. Hilo nalo lilikuwemo chumbani. Na la tatu ni mdomo wangu wenyewe. Niliposikia kuna mstari wa themanini na nane, niliuona kama bei.

Nilitoka nikasema themanini na sita.

Yule bwana akamtazama mama aliyekuwa anajifunga kanga mlangoni, akanitazama mimi.

"Una uhakika, dada?"

"Ni nguo hizo. Na mifupa. Mara zote mbili themanini na sita."

Akaandika kwenye kompyuta yake ya mkononi. Mama akapokea sabuni. Jioni alimweleza jirani kwamba wataalamu wamempima na hawakumkuta na chochote, na mimi nilikuwepo, nikanyamaza.

Miezi ikapita. Mama akaanza kushika jagi la maji kama watu wengine wanavyoshika simu. Nikasema ni joto. Akaanza kusinzia mchana akiwa anachambua maharage. Nikasema ni umri. Kila dalili niliipata kwa bei ya chini.

Nilichoshindwa kuona ni kwamba alikuwa anakonda. Sikuona kwa sababu alinificha. Siku moja nilimsaidia kubadilisha nguo kwa sababu mguu ulikuwa umemvimba, nikatoa gauni, nikakuta gauni jingine, na chini yake la tatu. Alikuwa anavaa magauni matatu ili majirani wasione. Yule mama mnene alikuwa amebaki mlemle ndani kama mtoto aliyevikwa koti la baba yake.

"Sikutaka waanze kusema," akanijibu, na akataka nimrudishie nguo.

Mguu wenyewe alijigonga na jembe shambani, kwenye migomba. Hakusikia maumivu, kwa hiyo hakusema. Nilipofungua kitambaa alichofungia mguu, harufu iliniambia kabla ya macho.

Hospitali walipima sukari, wakapima tena. Daktari alisema sukari ile haikuanza juzi, imekaa mwilini muda mrefu ikila mishipa kimyakimya. Vidole viwili vya mguu wa kulia vikakatwa. Akatuonya kwamba mguu wa kushoto nao hauna hisia nzuri, uangaliwe kila siku, na kipimo chochote kitakachoonekana kiandikwe kama kilivyo. Huo wa kushoto ndio tunaoupigania mpaka leo.

Watafiti walirudi kuzipitia tena nyumba zote, hata za waliopewa sabuni. Wale wale wawili. Mama alikuwa barazani, mguu juu ya kigoda. Yule bwana aliona bandeji, akatupa pole, akakaa, akafungua kumbukumbu zake. Akasema mara ya kwanza kiuno kilikuwa themanini na sita, kwa hiyo hakupelekwa kwenye kipimo cha damu. Akalisema taratibu, huku akikunja uso, kama mtu aliyeona hesabu isiyofunga. Akasema mtu kama mama ndiye wanayemhitaji sana, mwenye kiuno kidogo lakini amepata kisukari, maana labda ule mstari wa themanini na nane hauwafai watu wetu, labda ushushwe.

Nikaona namba yangu inataka kwenda mbali. Ilikuwa tayari inafundisha watu.

"Futa hiyo," nikasema. "Ilikuwa tisini na saba. Mara zote mbili."

Akaishusha kompyuta magotini. Akasema kufuta haruhusiwi, anaweza kuandika maelezo pembeni. Nikamuuliza kama wangeiona sukari siku ile. Akavua miwani, akaifuta na shati.

"Huenda, dada. Siwezi kukuapia. Huenda tungeiona mapema."

Mama alikuwa anatutazama, mmoja baada ya mwingine.

"Ulinipunguzia ngapi?"

"Kumi na moja."

"Na mimi nikaenda kujisifu kwa watu." Hakupandisha sauti. Akamgeukia dada muuguzi. "Njoo unipime wewe, mwanangu. Huyu ana mkono wa soko."

Akasimama kwa fimbo yake, akavua kanga pale pale barazani, akaiacha kamba imzunguke bila kutaja kaburi. Nilipotaka kumshika kiwiko asiyumbe, aliuondoa mkono wangu akashika bega la yule dada. Namba aliyoisoma dada niliisikia, lakini aliyeulizwa kama ameridhika ni mama.

Sasa kila asubuhi naukagua mguu wa kushoto, kidole kwa kidole, na unyayo kwa kioo kidogo. Ananiruhusu. Nikimaliza nikamwambia ni salama, anachukua kile kioo mkononi mwangu, anainama kwa shida, na anaangalia mwenyewe.