Anayepima Lori kwa Ulimi

Saa mbili asubuhi, miguu miwili yenye raba zilizopauka imetokeza chini ya lori la petroli lililozeeka kuliko nusu ya mafundi wa karakana hii. Mwenye miguu anaongea peke yake, na haongei mazuri.

“Gia imekufa, eti. Nani kaipima? Au imekufa kwa kuangaliwa usoni?”

Uani wote wanamwita Shangazi, hata waliomzidi umri. Ni mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, hana simile. Kazi yake ni injini za zamani za kabureta na gia za otomatiki za enzi zile, ambazo mafundi wengi hawataki hata kuzisogelea. Wiki nzuri anapata magari matatu. Wiki mbaya anafagia banda na kugombana na mpaka rangi wa jirani, kwa sababu ya vumbi la msasa.

Leo hana mteja. Lori hili ni la marehemu baba yake. Limebeba matofali na mbao za nyumba nyingi za mtaa huu, na tangu mzee alipofariki liko mikononi mwa kaka yake mkubwa. Kaka ameamua kuliuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, ambaye anakuja adhuhuri na mtungi wake wa gesi ya kukatia.

Mama yao ndiye aliyegoma. Alisema halikatwi mpaka mdogo mtu aliangalie. Kaka akakubali shingo upande, akalileta likimrusha njia nzima.

Ndiyo tabia ya lori siku hizi. Gia haibadiliki mpaka injini ipige yowe, halafu inabadilika kwa teke la kumtoa dereva kwenye kiti. Fundi mmoja wa barabara kuu alilizungusha mara moja tu, akatikisa kichwa, akasema gia boksi imekwisha na vipuri vyake havipatikani tena. Kaka akalibeba neno hilo kama hukumu ya mahakama.

“Banda langu liko hapa, watu wanatoka mbali kunitafuta,” anasema Shangazi, akijivuta kutoka uvunguni na mgongo uliojaa mchanga. “Ndugu yangu wa tumbo moja anapeleka gari la baba kwa mtu baki. Mimi nilijifunza ufundi kwenye lori hili. Yeye alijifunza kupiga honi.”

Kaka mwenyewe yupo, amekalia ndoo iliyopinduliwa, macho kwenye simu. Kabla ya kufungua boneti, dada yake alimuuliza kama kuna kitu chochote kimeguswa. Akasema hakuna, gari limejiharibikia lenyewe kwa uzee. Akamuuliza tena: je, liliwahi kutoa moshi, oili ya gia iliwahi kupungua? Kaka akamjibu kwamba yeye ni dereva, siyo nesi.

Kazi inaanzia juu. Shangazi anachomeka saa yake ya kupimia, kisahani cha kioo chenye mshale, kwenye bomba la kuingizia hewa. Injini ya petroli ikizunguka huvuta hewa kwa nguvu, na mvuto huo, ambao mafundi huuita vakyumu, husema mengi kuhusu afya yake. Mshale unapanda na kutulia tuli. Ananyunyiza maji ya sabuni kwenye maungio, akitega sikio kusikia kama injini itabadili mlio mahali panapovuja. Haibadiliki.

“Injini nzima,” anasema. “Inavuta vizuri kabisa. Swali ni kama huo mvuto unafika chini.”

Gia za zamani namna hii hazina kompyuta. Hujua dereva amekanyaga mafuta kiasi gani kwa kuuhisi mvuto wa injini, unaoshuka kupitia mpira mwembamba mpaka kwenye kikopo cha bati ubavuni mwa gia boksi. Ndani ya kikopo mna utando laini wa mpira. Mvuto ukiwa mwingi, gia inajua mzigo ni mwepesi, inabadilika mapema na kwa upole. Mvuto ukikatika, gia inadhani dereva anapanda mlima na shehena, mguu umefika sakafuni. Basi inachelewa, halafu inapiga teke.

Injini ikiwa inanguruma, Shangazi anarudi uvunguni, anachomoa mpira kwenye kikopo na kuuziba kwa kidole gumba. Kidole kingepaswa kunyonywa. Hakinyonywi.

Anaufuata mpira kwa vidole kuelekea juu, taratibu, kama anayetafuta jipu. Nyuma ya injini, mahali ambapo mkono hupita kwa shida, anakuta uvimbe mgumu. Anazima injini, anaukata mpira na kutoka nao. Umeshindiliwa bolti ndani, na juu yake umekazwa kwa waya.

Mpaka rangi anazima kompresa yake. Hataki kupitwa.

Shangazi anamwekea kaka yake bolti mbele ya pua. Kaka anasema labda mzee ndiye aliyeiweka.

“Baba?” Sauti ya Shangazi inashuka badala ya kupanda, na hapo hata wasiomjua wanajua mambo yameharibika. “Bolti hii inang’aa. Waya haujashika hata kutu. Baba yuko kaburini mwaka wa tatu huu. Alitoka kuja kufunga bolti, akarudi kulala?”

Kaka anaweka simu mfukoni. Halafu kweli inamtoka kidogo kidogo. Lori lilikuwa linatoa moshi mweupe, wingu zima, na likisimama kwenye taa za barabarani linatetemeka kama lina homa. Watu wakamzomea. Siku moja alichokonoa chokonoa, akaona akichomoa mpira ule na kuuziba, moshi unakata na mtetemeko unaisha. Akatia bolti. Alitembea kifua mbele siku nzima, akijiona naye fundi. Mateke ya gia yalipoanza, hakuyahusisha na bolti. Au aliyahusisha, akajifanya hamnazo. Hapo hasemi wazi.

“Moshi ndio uliokuwa unakuambia,” anasema dada yake. “Utando wa kikopo umechanika, injini inakunywa oili ya gia na kuichoma. Wewe ukaliziba lori mdomo.”

Anatembea hatua chache, anarudi.

“Bolti ningekusamehe, kaka. Kila dereva ana ujinga wake. Lakini nimekuuliza mara mbili leo, ukanitazama machoni. Ungeliacha lori la baba likatwe vipande ili usiseme neno moja?”

Kaka anauliza kwa sauti ndogo kama mama ataambiwa.

Shangazi anafungua kikopo kwa hasira, spana inagonga bati. Oili nyekundu inachuruzika kutoka tundu la upande wa hewa, ambako haikupaswa kufika kabisa. Bandani ana rafu ya viungo vya magari yaliyokufa, na humo anapata vikopo viwili vya aina hiyo. Namna yake ya kuvipima ndiyo iliyomjengea sifa uani. Anafuta chuchu ya kikopo, pale mpira unapochomekwa, kwa kitambaa, anaitia mdomoni, ananyonya kwa nguvu, kisha anaiziba kwa ncha ya ulimi. Utando ukiwa mzima, ulimi unanaswa. Ukiwa umetoboka, hewa inaingia na ulimi unajiachia.

Cha kwanza kinajiachia, anakitupa. Cha pili kinanasa. Anangoja, mikono kiunoni, kikopo kikining’inia kwenye ulimi, macho yamemkazia kaka yake.

“Shangazi,” anasema mpaka rangi, “hicho kiache hapo hapo mpaka jioni, tupumzike.”

Anaonyeshwa spana. Uani wanacheka, isipokuwa ndugu wawili.

Kikopo kimefungwa, mpira mpya umeunganishwa na oili inaongezwa ndipo mnunuzi wa vyuma anapofika na mkokoteni, mtungi na vijana wake wawili. Anaanza kukunjua mipira ya gesi kabla ya salamu. Anamwita Shangazi “mama” na kumwomba apishe, muda ni mali. Shangazi anamwambia hakumzaa, na kwamba akiligusa lori kabla halijarudi barabarani atakatwa yeye kwanza.

Anapanda na kushika usukani. Kaka anapanda upande wa pili, mikono miwili imeng’ang’ania dashibodi, akilisubiri teke. Lori linatoka getini, linapita maduka ya vifaa vya ujenzi, linaongeza mwendo. Gia ya pili inaingia kimya. Ya tatu inaingia kama mtu anayevuka mlango wa chumba alicholala mtoto. Nyuma hakuna moshi. Kaka anaiachia dashibodi, anatazama nje ya dirisha.

Wakirudi, mnunuzi amekwishawasha moto wa kukatia. Kaka anamwambia lori haliuzwi. Mnunuzi anakuja juu: aliambiwa gia imekufa, amekodi vijana, nani alimdanganya?

Shangazi anaegemea mlango wa lori. “Mwambie.”

Kaka anawatazama vijana, anamtazama mpaka rangi, hapati pa kutokea.

“Niliuziba mpira kwa bolti,” anasema. “Mimi mwenyewe. Gia ilikuwa nzima.”

Mnunuzi anazima moto wake na kuondoka akilalamika mpaka kwenye kona.

Mipango ya Shangazi sasa haina mzunguko. Lori litalala bandani kwake. Msimu wa mvua ukifika atalivua kabureta aisafishe, na baada ya hapo breki za nyuma, ambazo anasema nazo zimenyanyaswa vya kutosha. Kazi ya kubeba mbao inaendelea, tena mzigo wa kwanza ameshauahidi kwa kesho.

Kaka ananyoosha mkono kuomba funguo. Shangazi anazitumbukiza kwenye mfuko wa ovaroli na kuvuta zipu.

“Tunapakia saa moja asubuhi,” anamwambia. “Njoo na glavu. Dereva ni mimi.”