Nta kwenye Ruta

Baba yangu ni mrina asali wa Ipole. Ana miaka sabini na kitu na shule aliachia darasa la nne. Mwaka huu chuo kimoja kilimwomba awafundishe wanafunzi wa ufugaji nyuki kwa njia ya video, akiwa nyumbani kwake, siku ya Alhamisi saa kumi jioni. Wakamtumia na ruta, ile ya kuweka laini ya simu ndani. Alikubali palepale, kisha chakula kikamshinda siku mbili. Mama ndiye aliyeninong'oneza hayo kwenye simu, maana mzee mwenyewe alikuwa anajifanya hana wasiwasi wowote.

Mimi ni fundi wa kompyuta na mitandao mjini Tabora. Alhamisi hiyo nilipanda basi la asubuhi, na saa sita nikawa nimeketi sebuleni kwao. Nasema nimeketi, sisemi nimeanza kazi. Kwetu mtu hafiki akafungua begi. Nilimwamkia baba, nikamwamkia mama, nikaulizwa habari za mume, za kanisani na za mvua, kisha ukaletwa ugali na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, zilizoungwa kwa karanga, nami siwezi kudanganya kwamba nilikula kwa haraka. Baba hakula. Alikuwa ameshavaa koti lake la ibada, kwenye joto lile, na kila baada ya muda anatazama saa ya ukutani.

Ilikuwa inakaribia saa nane nilipowasha ruta. Nilijaribu kwanza kuingia bila waya, nikaandika neno la siri lililobandikwa chini yake. Likakataliwa. Aliyekuwa nayo kabla yetu alikuwa amelibadilisha, na bila kuingia ndani ya mipangilio yake nisingeweza kuieleza ikubali laini ya baba. Si kitu. Kila ruta ina kitundu kidogo nyuma. Ukikibonyeza kwa pini ukahesabu mpaka kumi, inasahau yote iliyofundishwa. Kisha unachomeka waya, unaanza upya.

Niliigeuza. Kitundu hakikuwepo. Tundu la waya nalo halikuwepo. Nikawasha tochi ya simu, nikaona matundu yote, hadi yale ya hewa ubavuni, yamezibwa kwa nta ya nyuki, imesawazishwa kwa kidole cha mtu anayejua kazi yake.

"Baba, nani alikutuma uizibe?"

"Sisimizi," alisema. "Nilipoona imeachwa wazi hivyo nikajua waliotengeneza hawakumaliza."

Mrina wa kwetu akiona ufa kwenye mzinga haulizi mtu, anaziba. Nalijua hilo tangu utotoni. Lakini hasira zangu ziko karibu, nazo nimezirithi kwake, na siku hiyo ziliniponyoka. Nilimwambia kwamba kile si kifaa cha kuchezea, kwamba ningekuwa mwenye chuo nisingempelekea, na kwamba saa kumi wanafunzi watakaa kutazama ukuta. Alivua koti, akalitundika msumarini, akaketi. Mama alinitazama mara moja tu. Niliona aibu ambayo hata sasa nikiikumbuka najishika shingo.

Nikatoa bisibisi ndogo nianze kuchokonoa. Baba akanishika mkono.

"Usiikwangue, utaharibu ya ndani. Nta ikipata baridi inaachia yenyewe."

Tulikwenda wote wawili kwa muuza duka mwenye jokofu. Alitusikiliza, akacheka mpaka akaegemea kaunta, kisha akasogeza barafu za watoto na kuilaza ruta katikati yake, ndani ya mifuko miwili. Tulikaa kwenye benchi nje. Nilimwomba baba msamaha, akasema ameshasahau. Nilijua hajasahau, lakini alininunulia soda.

Tuliporudi alitumia kijiti cha mwanzi. Nta ilitoka vipande vizima, vyenye umbo la matundu, naye akaviweka mfukoni maana nta haitupwi. Niliipangusa ruta, nikaiacha kidogo ikauke, nikabonyeza kitundu kwa pini ya kilemba cha mama. Taa zikazimika, zikawaka. Nikachomeka waya wa kompyuta yangu, nikaandika zile namba za kuingilia, na ukurasa wa mipangilio ukafunguka. Nikaieleza laini ni ya kampuni gani, nikaweka neno la siri jipya, nikamuuliza baba mtandao wake uitweje. Akasema Mzinga. Saa tisa na nusu taa ikawa ya kijani, na mzee akavaa koti lake tena.

Saa kumi darasa zima lilimwamkia kwa pamoja kwenye kioo cha kompyuta. Alisimama kuitikia, nikaona vifungo vya koti badala ya uso wake, nikamvuta akaketi. Baada ya hapo hakunihitaji. Alizungumza juu ya moshi, juu ya miti inayofaa kutundikwa mizinga, juu ya kuwaachia nyuki sehemu yao. Nilifurahi sana.

Mwishoni msichana mmoja alisogea mbele akauliza kama huko kwetu mwanamke anaruhusiwa kwenda porini kurina. Baba alisogeza kiti karibu na kompyuta.

"Desturi yetu ilikataa," alisema. "Ninaye binti, ndiye huyu aliyetuunganisha. Akiwa na miaka kumi alilia wiki nzima nimchukue kambini kwa warina. Nikamwacha, nikamchukua kaka yake anayeogopa nyuki. Nilikosea."

Nilikuwa nyuma ya kompyuta, wasikoniona. Nilidhani ni mimi peke yangu niliyekuwa nakumbuka.

Picha ilipozimika alinigeukia.

"Mwezi wa sita nakwenda kambini. Kama utapata nafasi..."

Nina miaka arobaini na moja. Nilisema ndiyo kabla hajamaliza.