Wilaya Iliyokatwa Mama Akiwa Kibera

Juzi, katika ofisi ya chifu huko Kibera, mama muuza samaki wa Mashimoni alirudishiwa fomu ya kitambulisho kwa mara ya tatu. Bila kitambulisho hapewi kibanda sokoni.

"Wilaya ya Nyanza ya Kati haiko siku hizi," karani alimwambia bila kuinua macho. "Iligawanywa. Kwenu ni Kisumu au Siaya?"

"Mimi nilikuja Nairobi ikiwa moja. Mlipoikata, si mngeniita?"

"Basi panda basi uende nyumbani ukaulize."

Mimi, mwanafunzi niliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, nilikasirika. Safari ya siku nzima kwa neno moja! Nilishakohoa nianze hotuba, lakini askari wa mlangoni akaniwahi.

"Mama, mkisafirisha maiti, mnashukia wapi?"

"Yala."

"Yala ni Siaya, bwana. Andika."

Karani akaandika, akagonga muhuri. Mama alicheka mpaka leso ikamdondoka begani.

Wakubwa wanaweza kuikata wilaya mara kumi, lakini mtu hasahau atakakozikwa. Hotuba yangu nilirudi nayo hosteli ikiwa nzima, na sijawahi kufurahi hivyo kwa kunyamazishwa.