Mbegu za Ukutani

Juzi nilipofika Sumbawanga, mpwa wangu alinipeleka Pito, nje kidogo ya mji, kunionyesha banda lake la nailoni. Nyanya zimepanda kamba hadi juu, nyekundu, hazina hata doa. "Onja, mjomba. Humu mvua haiingii, ukungu haupo," akasema. Nikauma. Mungu anisamehe, nilitema. Ngozi ngumu kama soli ya kiatu, ndani nyeupe, maji matupu. Kinyaa kilinishika mpaka jioni.

Wewe uliyekula nyanya za zamani utanielewa. Za bibi yangu zilikaa nje, kwenye matuta ya mviringo, zikinyeshewa na kupigwa na upepo wa Ufipa. Nyingine zilipata baka, nyingine zilitobolewa na wadudu. Bibi alichuma majani mabovu, akamwagia majivu, basi. Zilizopona alizibanika kwenye makaa, akaziponda kwa chumvi, tukachovya ugali wa ulezi hadi tukalamba vidole. Ile nzuri kuliko zote haikuliwa. Mbegu zake alizipaka kwenye ukuta wa jiko, pale panapopita moshi, zikakaa hapo hadi msimu mwingine. "Tumbo halina shukrani," alikuwa akisema. "Lisheni ukuta kwanza."

Halafu likaja agizo la kuhamia kijiji cha ujamaa. Lori lilifika asubuhi pamoja na mgambo, na nyumba zikabomolewa ili mtu asirudi. Bibi aliomba akwangue mbegu zake.

"Mama, panda gari. Huko mtapewa mbegu za kisasa," mgambo mmoja akamwambia.

Ukuta ukaanguka mbele ya macho yake. Na kweli tulipewa hizo za kisasa, tukazipanda shamba la pamoja katikati ya mvua kubwa. Zikaoza zote. Uvundo wake uliingia hadi kwenye mablanketi.

Mvua zilipokatika, bibi alinichukua kwa siri tukarudi kwenye mahame yetu. Mbegu zilikuwa zimeota zenyewe juu ya kifusi cha jiko! Lakini ng'ombe walitutangulia. Matunda yote yameliwa, mashina yamekanyagwa na kupakwa mavi. Bibi alichuma jani moja, akalisugua viganjani, akanusa. Siku ile alikataa kunawa, hata kabla ya kula.

Nyanya ile sijaiona tena popote. Bandani kwa mpwa wangu nami nilisugua jani. Harufu ilikuwa ileile ya mikono ya bibi, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Tulipotoka, mpwa wangu aliniletea maji ninawe.

Nikakataa.